Kiti cha saa mbili usiku nimeambiwa nimwachie niliyemfundisha

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia usiku wa manane. Nimetoka kazini, poda bado iko usoni, na nyumba nzima imelala. Mimi ni mtangazaji wa televisheni, nina miaka 46, na kwa miaka 18 nimesoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kituo sitakitaja wala jina langu, maana watu wa kazi hii tunafahamiana na maneno husafiri.

Nilianzia redioni nikiwa na miaka 23, nikahamia televisheni nikiwa na 28. Usiku wa kwanza mikono ilitetemeka hadi karatasi za habari zikawa zinapiga meza, ikabidi msimamizi wa studio anibanie kwa pini. Mpaka leo ninaingia studio na karatasi zangu zimebanwa, hata kama habari zote zinapita kwenye prompta, ile skrini ya maneno iliyo mbele ya kamera. Prompta ikizimika, mwenye karatasi ndiye anayebaki hewani.

Watu wanadhani kazi yetu ni kupambwa na kusoma. Laiti wangejua. Kinywa kinasema neno la sasa, jicho limeshatangulia mstari unaofuata, na sikioni kuna kisikizi ambamo mwongozaji anakuhesabia sekunde, anakuambia mgeni hajafika, ruka habari ya nne, nenda ya sita. Wakati wote huo uso usibadilike. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya nikiwa mjamzito, nikiwa na homa, na jioni ya siku niliyomzika baba yangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita mkuu mpya wa vipindi aliniita ofisini, akafunga mlango, akanikaribisha kwa adabu zote. Akasema kituo kinataka "sura mpya" jioni. Akanipa nafasi ya kuwa mkuu wa kitengo cha watangazaji, niwafundishe chipukizi, mshahara uleule kwa mwaka wa kwanza. Nimpe jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nilimuuliza, kosa langu nini? Akasema hakuna kosa, ni mabadiliko tu. Nikatoka nikijua kabisa maana yake: nimezeeka. Wenzangu wa kiume waliopishana nami mwaka mmoja au miwili wapo palepale, mvi zimewajaa, na wanaitwa wakongwe.

Kinachonichoma zaidi ni atakayekaa kwenye kiti hicho. Ni binti wa miaka 29 niliyemtoa mimi mwenyewe kwenye dawati la chini. Nilimfundisha kupumua kwa tumbo. Nilimfundisha kunyamaza kidogo kabla ya kutaja msiba. Koti alilovaa siku yake ya kwanza hewani lilikuwa langu. Leo anapaka rangi ya mdomo ileile niliyomchagulia, na hajaniambia neno hata moja kuhusu mipango hii, ingawa lazima anajua. Tena siku hizi amekuwa na dharau ya kimyakimya. Mwisho wa wiki tunaposoma pamoja, namba yoyote ikija ghafla anaiandika kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa na kunisogezea, kamera ikiwa haituoni. Mimi, Shangazi! Kana kwamba ni mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwambia aache. Aliacha kwa wiki moja, kisha akaendelea.

Nisiwe mnafiki, nitalisema na hili. Miezi miwili na nusu iliyopita kulitokea ajali ya kivuko. Tulikuwa mubashara, habari zinaingia moja moja, hakuna kilichoandikwa. Mwongozaji akanipa sikioni idadi ya waliookolewa: sitini. Mimi nikatangaza tisini. Zilipita dakika saba kabla hatujasahihisha. Niliomba radhi hewani, kesho yake nikaomba radhi tena kwenye kikao. Nilielezwa juu ya simu zilizopigwa mapokezi usiku ule, na sitaki kuandika waliopiga walisema nini. Lakini binadamu gani hakosei? Vyombo vyetu vya sauti vimechoka, kila siku namwambia fundi aniongezee sauti, na sikio la kushoto linanisumbua kidogo siku hizi, mambo ya kawaida kwa kazi yetu. Hakuna aliyenilaumu. Kwa hiyo siamini kama hilo ndilo sababu.

Mume wangu anasema nikubali ofisi, nipumzike, nimeshafanya ya kutosha. Mwanangu wa miaka 15 aliposikia aliuliza kama sasa nitakuwa nyumbani jioni, na nilishindwa kutambua kama anafurahi au anaogopa. Rafiki yangu ananiambia niende kwa mwanasheria. Mwingine ananishauri niache kila kitu, nifungue chaneli yangu YouTube, kwamba watu watanifuata popote.

Shangazi, nikubali? Nipambane? Niondoke? Na kwa nini kila nikiwaza jioni ya kwanza bila kupambwa, bila taa zile kuwaka, nahisi kama tanzia inayosomwa ni yangu?

Ni mimi,
Mama wa Saa Mbili

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari baadhi ya sentensi. Nitakuambia ni zipi. Kwanza, pole. Pole kwa namna ulivyoambiwa, kwa mlango uliofungwa na kauli mbili za adabu, baada ya miaka 18. Mtu aliyewaletea watu habari za kila aina kwa sauti tulivu alistahili kuambiwa habari yake mwenyewe kwa ukamilifu.

Nikikuelewa vizuri, unaondolewa kwenye kiti ulichokizoea, unapewa kingine ambacho wenzako wengi wangekiona cha heshima, na anayekurithi ni mtoto wako wa kazini. Unaamini sababu ni umri. Unaamini yule binti amekusaliti. Unaamini kosa la usiku wa kivuko halihusiki. Na umeniuliza kati ya kukubali, kupambana na kuondoka, ipi ndiyo njia.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo hujiwazii mambo tu. Mwaka 1981 kule Marekani, Walter Cronkite aliacha kusoma habari za jioni za kituo cha CBS baada ya miaka 19, akiwa na miaka 64, akiagwa kwa heshima ya taifa zima. Miezi michache tu baadaye, mwaka huohuo, Christine Craft aliondolewa kwenye kiti cha habari katika kituo kimoja cha Kansas City akiwa na miaka 36. Kwa maelezo yake, aliambiwa watazamaji wanamwona mzee, hapendezi na hawanyenyekei wanaume. Na Uingereza, mtangazaji Miriam O'Reilly aliachwa nje wakati kipindi cha Countryfile cha BBC kilipohamishiwa saa za watazamaji wengi. Mwezi Januari 2011 baraza la kazi likakubaliana naye kwamba alibaguliwa kwa umri. Kwa hiyo unaposema mvi za mwanamume zinaitwa ukongwe na za mwanamke zinaitwa uchovu, nakusikia, na historia ya kazi yenu inakusikia.

Ila kuna jambo moja ambalo mimi kama mtu wa nje nimeliona kwenye tarehe zako. Kivuko ni miezi miwili na nusu iliyopita. Uliitwa ofisini mwezi uliopita. Ulimuuliza mkuu wako kama kuna kosa, akasema hakuna. Huenda alisema kweli. Huenda pia ni mtu asiyejua kumwambia mkubwa wake kikazi jambo linalouma, akaona "sura mpya" ni maneno mepesi zaidi kutamka. Wewe na mimi hatujui. Umejenga nyumba nzima ya huzuni juu ya sentensi moja usiyoiamini wewe mwenyewe.

Sasa nikwambie nilipopigia mstari.

Nilipigia mstari fundi unayemwambia kila siku akuongezee sauti. Nilipigia mstari karatasi yenye tarakimu kubwa. Nilipigia mstari sikio la kushoto. Mwanangu, rangi ya mdomo ya yule binti umeipa sentensi nzima, na sikio lako umelipa nusu sentensi, umelifunika kwa vyombo vilivyochoka upande mmoja na "mambo ya kawaida" upande mwingine. Nilipofika hapo niliiweka barua chini kwa muda.

Tamka polepole, peke yako, maneno haya mawili: sitini, tisini. Irabu ni zilezile, i-i-i. Mwisho ni uleule. Kilichobadilika ni s na t zimepishana nafasi, basi. Na ndivyo usikivu unavyopungua kwa watu wengi, hasa kwa kelele au kwa miaka: haupungui wote kwa pamoja. Huanza na sauti za juu, nyembamba, na humo ndimo zinamokaa s, t, f na wenzake. Irabu, ambazo ni nzito, unaendelea kuzisikia vizuri. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo husema "nakusikia, ila sema vizuri", akidhani tatizo ni mdomo wa mwenzake. Au vyombo.

Sisemi ndiko uliko. Sijakupima. Inaweza kuwa ni nta tu iliyoziba, ikatolewa kwa dakika chache ukacheka. Inaweza kuwa kelele ya miaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, yaani kipimo cha ukali wa sauti. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Wewe umeweka kisikizi sikio lilelile kila jioni kwa miaka 18, na kila ukiongezewa sauti ndipo sikio linapozidi kuchoka, nawe unazidi kuomba uongezewe. Inaweza pia kuwa jambo jingine ambalo daktari wa masikio, pua na koo ndiye wa kulisema. Umeandika "siku hizi", hukuandika tangu lini. Kama lilididimia ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, hilo halitibiwi kwa subira. Nenda kesho, maana kupoteza usikivu ghafla kunatibika vizuri zaidi mtu akiwahiwa katika siku za mwanzo. Kama limekuwa likishuka polepole, bado nenda, ufanyiwe kipimo cha usikivu kwa masikio yote mawili. Katika barua nzima, hili ndilo pekee ninalokusihi bila kulizungusha, na nakusihi kwa ajili ya sikio lako, kabla hata ya kuwaza kiti.

Nirudi kwa yule binti na karatasi yake. Umeiona kama dharau, na pengine ni dharau kweli, mimi simjui. Lakini hebu itazame upya. Kijana anayetaka kiti chako angefaidika ukikosea tena mbele ya watazamaji. Huyu, kila namba ikija, anaandika na kukusogezea kwa siri, akihakikisha kamera haioni. Ulimkataza, akavumilia wiki moja, kisha akarudia akijua utakasirika. Je, inawezekana ameona kitu ambacho wewe hujataka kukiona, na hii ndiyo njia pekee aliyoipata ya kukusitiri bila kukuvunjia heshima? Na kunyamaza kwake kuhusu mipango ya ofisini, je, ni usaliti, au ni mtoto aliyeambiwa asiseme na hajui aanzie wapi kwa mtu aliyemfundisha hata kupumua? Nakuachia maswali tu. Majibu anayo yeye, na mnakaa meza moja.

Juu ya usiku wa kivuko nitasema kidogo. Umeandika "binadamu gani hakosei", lakini mstari kabla ya hapo umeshindwa kuandika waliopiga simu walisema nini. Nadhani unajua kabisa walisema nini. Watu thelathini, mwanangu, na kila mmoja wao ana nyumba iliyokuwa ikitazama ile taarifa. Dakika saba za matumaini yasiyokuwapo ni ndefu sana kwa mama aliyeketi mbele ya televisheni. Sikukumbushi ili nikuumize. Nakukumbusha kwa sababu naona jambo hili linakula ndani kwa ndani, na hujapata mahali pa kulilia. Huenda hata hofu yako ya tanzia inatokea hapo kuliko kwenye mikunjo ya uso. Mtu anaweza kuwa amekosea, amekosea kwa sababu mwili wake umempa habari ya uongo, na bado akabeba huzuni ya kweli bila kuwa mtu mbaya.

Sasa hizo njia. Nitazitembea pamoja nawe, ila sitakuchagulia.

Kuna ile ambayo hukuiandika kabisa: kubaki kwenye kiti na kusema ukweli kuhusu sikio. Wewe unafahamu studio kuliko mimi, lakini nijuavyo, mambo mengi hurekebishika. Kisikizi kinaweza kuhamia sikio jingine, na kinaweza kutengenezwa kwa kufuata umbo la sikio lako ili kelele za nje zisiingie, nawe usihitaji kuongezewa sauti. Badala ya kusikia vurugu yote ya chumba cha waongozaji, unaweza kuunganishwa kwa namna ya kumsikia mwongozaji pale tu anapobonyeza kukusemesha. Namba za ghafla zinaweza kuandikwa kwenye prompta au kwenye skrini ya mezani. Sekunde anaweza kuzihesabu msimamizi wa studio kwa vidole, kama ilivyofanyika tangu zamani. Ukitazama vizuri, ile karatasi ya binti ni mojawapo ya marekebisho hayo, ila imekuja bila mkataba. Nchi nyingi pia zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 27 kinahusu kazi na kumfanyia mfanyakazi marekebisho yanayofaa. Hatari yake ni kwamba ukishasema huwezi kurudisha maneno. Mkuu anayetafuta sababu anaweza kuidaka hiyo, na badala ya "sura mpya" akasema "afya yako kwanza". Ndiyo maana ukiichagua njia hii, ni vema uwe na cheti cha daktari mkononi, useme kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Kuna kupambana kisheria. Haki ipo, na ulichosema kuhusu wenzako wa kiume kinafaa kusikilizwa na mwanasheria wa kazi hata kama hutafika mahakamani. Ila jua mwendo wake. Christine Craft niliyemtaja alishinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mara mbili, mwaka 1983 na tena 1984, kisha mahakama ya rufaa ikaufuta ushindi huo, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza kesi. Baadaye yeye mwenyewe akasomea sheria akawa mwanasheria. O'Reilly alishinda kwa umri, lakini dai lake la kubaguliwa kwa jinsia halikukubaliwa. Wewe una jambo jingine la kupima juu ya hayo. Katika kesi, usiku wa kivuko utaletwa mezani, utachezwa tena na tena, na utaulizwa ulisikia nini. Uingie ukiwa umeshajijibu mwenyewe.

Kuna ofisi. Usiidharau kwa sababu imekuja kama fidia. Wewe ni mwalimu, barua yako imenionyesha hivyo. Mtu aliyefundishwa kunyamaza kabla ya kutaja msiba amefundishwa jambo ambalo watazamaji hawatajua jina lake lakini watalihisi maisha yao yote. Maswali yangu ni ya mkataba. Mshahara uleule kwa mwaka wa kwanza, na wa pili je? Zile posho za kuonekana hewani zinabaki au zinaondoka? Cheo kina bajeti na watu, au ni meza tu? Kuna nafasi ya kusoma habari maalumu mara mojamoja, imeandikwa? Na moyo wako utakaa? David Attenborough wa Uingereza, maarufu kwa vipindi vya wanyama, alianza kuonekana kwenye televisheni miaka ya 1950, akapanda BBC hadi kuwa mkurugenzi wa vipindi, akaheshimiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaiacha ofisi, akarudi porini na kamera. Wengine wakikalia kiti cha ofisi hupata usingizi kwa mara ya kwanza. Wewe ni yupi, mumeo hawezi kujua kwa niaba yako, ingawa namwelewa anapotaka upumzike.

Na kuna kuondoka. Oprah Winfrey alipewa kusoma habari za jioni Baltimore mwaka 1976, akiwa na miaka 22, na kabla mwaka haujaisha vizuri akaondolewa kwenye kiti hicho. Mwaka 1978 wakampeleka kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, na huko ndiko alikogundua kipaji chake kilipo. Napenda kisa hicho, lakini nakionea shaka ninapowapa watu, kwa sababu yeye alikuwa na miaka 24 na kituo bado kilimlipa. Ukifungua chaneli yako, wewe ndiwe mhariri, fundi, mtafuta matangazo na mlipa kodi ya chumba. Watu waliokufuata kwenye kituo walikufuata wewe, na walifuata pia saa mbili usiku, mazoea, na jina la kituo, na huwezi kujua kila kimoja kilikuwa na uzito gani hadi utoke. Kabla hujatoka, soma kama mkataba wako una kipengele cha kukuzuia kufanya kazi kama hiyo kwa muda baada ya kuondoka. Upande wa pili, katika kipindi ulichokirekodi mwenyewe hakuna mtu anayekunong'oneza idadi ya waliookolewa. Huenda hilo lina thamani kwako sasa kuliko unavyofikiri.

Unaona mwanangu, njia zote nne zinapita kwenye mlango mmoja wa daktari. Majibu ya kipimo yakiwa hivi, ofisi itaonekana kwa namna moja. Yakiwa vile, mazungumzo na mkuu wako yanabadilika kabisa. Umebakiwa na wiki kadhaa kabla ya kutoa jibu. Na kama hazitoshi, unaweza kuomba muda zaidi kwa maandishi. Mtu aliyetumikia miaka 18 kuomba mwezi mmoja wa ziada si utovu wa nidhamu.

Nilitaka pia kukuuliza juu ya mwanao. Umesema hukutambua kama anafurahi au anaogopa. Mtoto huyo alizaliwa ukiwa tayari umekaa kwenye kile kiti. Hajawahi kukujua jioni. Labda yote mawili ni kweli kwake, na labda anachohofia ni kwamba utakuwa nyumbani ukiwa na huzuni, ukitazama saa. Muulize. Hata asipojibu siku hiyo, atakuwa amejua kwamba anaulizwa.

Kuhusu jioni ya kwanza bila taa, sitakwambia usiogope. Sauti yako imeingia kwenye nyumba za watu kwa miaka 18, na wewe mwenyewe umejisikia kuwapo kwa njia hiyo. Ni halali kuomboleza. Ila angalia usiku huu unaoniandikia: taa zile zimezimwa, kamera haipo, poda imebaki usoni kwa sababu ya uchovu tu, na bado uliyenifikia kwenye karatasi hizi ni mtu mzima kamili, mkali, mwenye upendo, anayekumbuka koti alilomwazima kijana wake.

Mwisho wa wiki hii mtasoma pamoja tena. Akikusogezea karatasi, ichukue. Taarifa ikiisha, mkishavua visikizi na kabla hamjanyanyuka mezani, muulize aliianza lini na kwa nini. Kisha niandikie alivyojibu, na daktari amesema nini. Barua yako ikifika nitaifungua kwanza.

Shangazi yako